Yoga ya Polepole kwa Mwenye Hedhi Isiyo na Tarehe

Ratiba nyingi za yoga za wanawake zimejengwa juu ya siku 28. Wiki ya kwanza unapumzika, ya pili unaongeza nguvu, ya tatu unapunguza, ya nne unatulia kungoja damu. Kwa mwenye siku zake zinazokuja bila kukosea, ratiba hiyo inafaa. Kwa yule aliyepata hedhi baada ya siku 24, kisha baada ya siku 41, kisha akakaa miezi miwili hajaona kitu, inakuwa mzigo juu ya mzigo. Anafanya mikao ya "wiki ya yai" na yai lenyewe halijapevuka. Anatulia kungoja damu isiyokuja. Siku inapomjia ghafla, inamkuta katikati ya mazoezi ya kukaza tumbo, naye anajilaumu kana kwamba amekosea hesabu.

Hakukosea. Mwili usiofuata tarehe unasomwa kwa dalili. Je, kuna damu au hakuna? Tumbo na kiuno vinauma au vimetulia? Usingizi wa jana ulikuwaje? Nguvu zipo au zimekwisha? Zoezi la leo linachaguliwa leo, kwa majibu ya maswali hayo manne. Kinachobaki palepale ni ule muda wa kukaa mkekani, saa ileile, hata kama ni dakika 15 tu. Huo ndio mpangilio pekee ulio mikononi mwako, na una thamani kubwa kuliko unavyoonekana.

Kwanza hesabu vizuri

Wapo wanaoamini hedhi yao imevurugika kumbe hesabu ndiyo iliyovurugika. Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile ambayo damu imetoka ya kutosha kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya siku moja au mbili kabla yake hayahesabiwi. Mzunguko unaisha siku moja kabla ya damu nyingine kuanza. Kwa mtu mzima, urefu wa siku 24 hadi 38 ni wa kawaida, na damu kutoka hadi siku 8 ni kawaida pia. Tofauti ya siku 7 hadi 9 kati ya mzunguko wake mfupi kabisa na mrefu kabisa haina neno. Kwa hiyo aliyeandika 27, 33, 29, 31 yuko sawa, hata kama tarehe zake zinarukaruka kwenye kalenda. Msichana aliyevunja ungo miaka miwili mitatu iliyopita ana nafasi pana zaidi. Kwake mizunguko ya hadi siku 45 si ajabu, kwa sababu ubongo na ovari bado vinazoeana.

Inafaa kujua kinachochelewa ni nini hasa. Mzunguko unaanzia kichwani. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni kwa vipindi, kama mapigo. Tezi ya pituitari iliyo chini yake huitikia kwa kutuma homoni nyingine mbili kwenye ovari, na ovari huanza kukuza yai. Muda huu wa kukuza yai ndio unaorefuka na kufupika. Yai likishatoka, damu hufuata baada ya wiki mbili hivi, uwe mzunguko wa siku 28 au wa siku 45. Ndiyo maana hedhi "iliyochelewa" kwa kawaida ni yai lililochelewa wiki mbili au zaidi zilizopita. Hofu ya mtihani wa kesho haichelewishi damu ya keshokutwa ikiwa yai lilishatoka. Msongo wa mwezi mzima, kula kidogo kuliko unavyotumia, kukonda kwa haraka, ugonjwa mkali au mazoezi mazito bila kupumzika ndivyo vinavyoweza kunyamazisha yale mapigo ya ubongoni kabla yai halijaanza safari.

Sababu nyingine ziko nje ya ubongo, au zinapita njia nyingine. Kuna hali ya homoni inayozuia ovari kupevusha yai kwa mpangilio, inayojulikana kwa kifupi PCOS, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kuna tezi ya shingoni, thairoidi, ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. Kuna homoni ya maziwa kupanda wakati mtu hanyonyeshi. Kuna kunyonyesha kwenyewe, sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi. Na kuna mimba, ambayo ndiyo ya kuulizwa kwanza kila hedhi inapokawia.

Hapo pana mtego mmoja. Kipimo cha mkojo huaminika kuanzia siku ambayo hedhi ingetakiwa kuja, lakini mwenye mzunguko usiotabirika hana siku hiyo. Njia salama ni kuhesabu kutoka tendo la mwisho lisilo na kinga: siku 21 zikipita ndipo kipimo kisemacho "hakuna" kinaaminika. Kabla ya kupata jibu hilo, acha kulalia tumbo, acha kujinyonga tumbo kwa nguvu, na acha pumzi za kusukuma tumbo kwa kasi. Mikao mingine yote ya hapa chini inaweza kuendelea.

Yoga inafanya nini, na nini haifanyi

Utasikia kwamba kujinyonga kunakamua sumu, au kwamba mkao fulani unakanda ovari na kuziamsha. Ovari ina urefu wa sentimita tatu hivi, imekaa ndani kabisa ya nyonga, nyuma ya matumbo na mifupa. Hakuna mkao wa polepole unaoifikia kuikanda, na damu haikamuliwi kama nguo. Ni vema kuliweka wazi hili mapema, kwa sababu anayeahidiwa kwamba mikao saba itamrudishia hedhi ndani ya wiki tatu atachelewa kwenda kupimwa.

Kinachofanyika kweli kinatosha kuheshimiwa. Ukirefusha pumzi ya kutoa kuliko ya kuvuta, mapigo ya moyo hushuka, na ile sehemu ya mfumo wa fahamu inayotuliza mwili inapata nafasi. Misuli ya kiuno, ya tumbo la chini na ya sakafu ya nyonga, ambayo mtu huikaza bila kujua wakati wa maumivu au wasiwasi, inalegea. Usingizi huja mapema kidogo. Maumivu ya tumbo la hedhi hupungua kwa wengi. Tafiti za yoga kwa wenye PCOS zipo na baadhi zimeonyesha mabadiliko mazuri, ila nyingi ni ndogo, na hazitoshi kumwahidi mtu tarehe. Ikiwa chanzo cha kuvurugika ni msongo na usingizi mbovu, utulivu huu unaugusa chanzo chenyewe. Ikiwa chanzo ni thairoidi, yoga itakusaidia kuvumilia kungoja majibu ya maabara, lakini tezi itatibiwa kwa dawa.

Chanzo pia kinabadilisha kipimo cha zoezi, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapoharibu. Mwenye PCOS, hasa aliyeambiwa kwamba insulini haifanyi kazi vizuri mwilini mwake, asiishie kwenye mikao ya kulala. Anahitaji pia mwendo unaopandisha mapigo ya moyo, angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi au kitu kama hicho, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli. Yoga ya polepole inakaa pembeni ya hayo kama kitulizo. Lakini yule ambaye hedhi imekatika kwa sababu anakimbia sana na kula kidogo, akiongezewa jasho ataumia zaidi. Dawa yake ni chakula cha kutosha na kupunguza mazoezi, na kwake mikao ya kulala inatosha kuwa zoezi zima la siku. Watu hawa wawili wanaweza kukaa mikeka jirani, wote wamekaa siku 70 bila damu, na mwalimu asiyeuliza akawapa zoezi moja.

Vitu vya kuandaa

Yoga ya aina hii inategemea vitegemeo kuliko unyumbufu. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga aliyefundisha katika mji wa Pune nchini India hadi alipofariki mwaka 2014, ndiye aliyeeneza sana matumizi ya blanketi, mikanda, viti na matofali ya yoga ili mwili ubaki kwenye mkao bila kujishikilia. Hilo ndilo tunalolitaka: misuli isifanye kazi.

Unahitaji mkeka, mablanketi matatu, mto wa kawaida, kiti imara kisicho na magurudumu, na mkanda wa kitambaa au mtandio mrefu. Badala ya mto mrefu wa yoga, kunja mablanketi mawili kwa urefu, yaweke moja juu ya jingine, yaviringishe yakaze, kisha uyafunge kwa mkanda sehemu mbili. Kipimo kizuri ni urefu wa sentimita 60 au zaidi, upana wa 25, kimo cha 15. Ukiukandamiza kwa kiganja usizame zaidi ya vidole viwili. Mto laini wa kulalia hauwezi kazi hii, maana unazama chini ya mbavu na kuuacha mgongo wa chini ukining'inia. Badala ya matofali, tumia vitabu vinene vilivyofungwa kwa kamba visiteleze.

Andaa pia soksi na shuka. Mwili ukitulia dakika kumi unapoa, na baridi huikaza misuli uliyokuja kuilegeza.

Ngoja saa mbili hadi tatu baada ya mlo mzito. Ila kama una upungufu wa damu, au damu inatoka nyingi, usije na njaa kabisa. Kula kitu kidogo saa moja kabla, vinginevyo kizunguzungu kitakupata wakati wa kuinuka.

Mfululizo wenyewe

Mfululizo mzima unachukua kama dakika 40. Ukiwa na 15 tu, chagua pumzi, kipepeo aliyelala na mapumziko ya mwisho, ukifupisha muda wa pumzi na wa kipepeo.

Anza na pumzi kwa dakika tano. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, kiganja kimoja juu ya kitovu na kingine chini yake. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa kwa pua ukihesabu hadi sita. Kila hesabu ikiwa sekunde moja, hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Asiyezoea asianze hapo. Aanze na tatu kwa nne, aongeze baada ya wiki. Dalili ya kuzidisha ni kutamani hewa, kupiga miayo mfululizo, au mabega kupanda kuelekea masikioni. Hapo rudi kwenye pumzi yako ya kawaida kwa dakika moja. Kosa linalojirudia sana ni kuvuta hewa nyingi. Uzito uko kwenye kutoa taratibu, na kiasi unachovuta kinaweza kuwa kidogo tu.

Kisha piga magoti na viganja chini kwa paka na ng'ombe, Marjaryasana na Bitilasana. Viganja viwe chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, blanketi chini ya magoti. Ukivuta, acha tumbo lishuke na kifua kisonge mbele. Ukitoa, sukuma sakafu na uuinue mgongo juu kama upinde. Mara nane hadi kumi. Mwendo uanzie kwenye mkia wa mgongo na kichwa kiwe cha mwisho kufika. Wanaoanza na kichwa hujaza shingo maumivu na kuacha kiuno kikiwa kigumu vilevile. Mikono ikiuma kwenye vifundo, kunja ngumi au tumia viwiko juu ya kiti.

Kutoka hapo, mkao wa mtoto, Balasana, dakika tatu. Tenganisha magoti upana wa mkeka, vidole gumba vya miguu vigusane, weka mto mrefu kati ya mapaja na uulalie kifua na tumbo. Geuza uso upande mmoja, na katikati ya muda geuza upande wa pili. Makalio yakikataa kufika visiginoni, jaza blanketi pengo hilo, usiyasukume chini. Siku ambazo matiti yamejaa na yanauma, kulalia mto hakuvumiliki. Kaa basi kwenye sakafu mbele ya kiti, kunja mikono juu ya kiti na ulaze paji la uso juu yake.

Sasa kipepeo aliyelala, Supta Baddha Konasana. Ningeambiwa nibakishe mkao mmoja kwenye makala hii, ningebakisha huu, na ndio unaofanywa vibaya kuliko yote.

Weka mto mrefu nyuma yako kwa urefu, sambamba na mgongo. Kaa sakafuni, si juu ya mto, ukiacha upana wa vidole vitatu kati ya makalio na ncha ya mto. Pengo hilo likiwa kubwa, kiuno kitabonyea ndani. Likiwa halipo kabisa, mbavu zitasukumwa juu. Kutanisha nyayo, acha magoti yafunguke pande zote mbili, kisha jilaze ukijishusha kwa viwiko. Weka blanketi lililokunjwa chini ya kichwa hadi paji la uso liwe juu kidogo kuliko kidevu. Kidevu kikielekea dari, koo linajikaza na pumzi inakuwa fupi.

Ukishalala, angalia mapaja. Hapa ndipo watu wanapojidanganya, kwa sababu picha zinaonyesha magoti yaliyogusa sakafu. Goti lililoachwa hewani halijapumzika. Linashikiliwa na misuli ya ndani ya paja na ya kinena, na misuli hiyo, baada ya dakika tatu, huanza kutetemeka au kuuma karibu na mfupa wa kinena. Usiku wa siku hiyo mtu anasema yoga imemwongezea maumivu ya nyonga. Ingiza kiganja chini ya paja la nje, karibu na goti. Kikipita bila kuguswa, paja linaning'inia. Jaza blanketi au vitabu mpaka uhisi mguu umeutua uzito wake wote, kama mtoto aliyelala usingizi mzito mkononi. Jaza sawa pande zote mbili, hata kama upande mmoja ungeweza kwenda chini zaidi, la sivyo nyonga zitapinda na kiuno kitadai baadaye. Nyayo zikiteleza, zungusha mkanda kutoka nyuma ya kiuno, chini karibu na mfupa wa mkia, upite juu ya vifundo na chini ya nyayo, ukaze kidogo tu.

Kaa dakika nane hadi kumi. Mikono iwe mbali na mwili, viganja juu. Mgongo wa chini ukilalamika, kaa juu ya blanketi lililokunjwa mara moja ili nyonga zipande kidogo, au sogeza nyayo mbali na mwili. Ukisikia goti linachoma upande wa ndani, kunyoosha miguu kabisa juu ya blanketi lililoviringishwa ni bora kuliko kuvumilia. Kutoka, tumia mikono kuyafunga magoti, geuka ubavu, kaa hapo pumzi tano, ndipo usukume sakafu kwa kiganja cha juu na kichwa kije mwisho.

Daraja la kuegemea, dakika nne, linakuja baada yake kwa siku zisizo na damu nyingi. Lala chali, magoti yamekunjwa, inua nyonga na utelezeshe kitabu kinene au tofali la yoga chini ya mfupa bapa ulio nyuma ya nyonga, ule wa pembetatu chini ya kiuno. Kama kitegemeo kimekaa kiunoni penyewe, utasikia kubanwa mara moja. Kishushe kuelekea makalio. Kimo cha chini kabisa kinatosha.

Miguu juu, Viparita Karani, dakika sita. Kaa ubavu karibu na ukuta, zungusha miguu juu huku ukijilaza, makalio yawe sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani. Misuli ya nyuma ya mapaja ikivuta, rudi nyuma zaidi. Miguu ikianza kufa ganzi, kunja magoti na ukutanishe nyayo ukutani. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au tatizo la macho la presha aache ukuta na alaze vigimbi juu ya kiti, magoti yakiwa yamekunjwa kama anayekaa. Kwa kweli kiti kinawafaa watu wengi kuliko ukuta, ingawa hakipendezi kwenye picha.

Kujinyonga kwa kulala, dakika mbili kila upande. Magoti yote mawili yamekunjwa, mto kati yake, yalaze upande mmoja juu ya blanketi. Bega la upande wa pili likiinuka sakafuni, ongeza kitegemeo chini ya magoti mpaka lirudi. Tumbo libaki laini. Mkao huu ni wa kulegeza misuli kandokando ya mgongo, basi.

Maliza na Savasana, mapumziko ya mwisho ya kulala chali, dakika nane angalau, mto chini ya magoti, shuka juu. Tumbo likiuma, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa chini ya kitovu. Joto husaidia maumivu ya hedhi, na uzito wake mdogo unalipa tumbo kitu cha kupumua dhidi yake. Wengi huikata sehemu hii kwa sababu "sifanyi kitu". Punguza mkao mwingine wowote kabla ya kuipunguza hii.

Siku za damu, siku za kungoja, siku ya kushtukizwa

Damu ikitoka nyingi, siku mbili za kwanza kwa kawaida, toa daraja na miguu ukutani, laza vigimbi juu ya kiti badala yake. Katika mapokeo ya Iyengar mikao ya kupindua mwili, kama kusimama kwa kichwa au mabega, huachwa kipindi chote cha hedhi. Hakuna ushahidi kwamba kupindua mwili kunarudisha damu ndani na kuleta ugonjwa, kwa hiyo aliyefanya bila kujua asiingiwe na hofu. Bado ninashauri kuiacha. Siku hizo kizunguzungu kiko karibu, nguvu ni kidogo, na damu iliyotulia ukeni hutoka kwa mkupuo ukisimama. Acha pia mazoezi ya kukaza tumbo na Kapalabhati, ile pumzi ya kusukuma kwa kasi. Zungumza na mwili kwa kipepeo, mkao wa mtoto na pumzi.

Siku za kungoja ndizo nyingi katika mwaka wa mtu huyu, na ndizo zenye kuchosha akili. Hapa usilale tu. Kama nguvu zipo na chanzo chako hakikukatazi, tanguliza dakika chache za kusimama: shujaa wa pili (miguu imetanuliwa, goti la mbele limekunjwa, mikono imenyooshwa pande mbili) pumzi tano kila upande, mti (kusimama kwa mguu mmoja) pumzi tano kila upande ukigusa ukuta, kisha mkao wa kiti (kukunja magoti kama anayetaka kukaa) mara tatu, pumzi tatu kila mara. Baada ya hapo ingia kwenye mfululizo. Siku nne au tano kwa wiki zinatosha. Anayefanya saa moja na nusu Jumamosi kisha asiguse mkeka wiki nzima hapati usingizi ule ambao dakika 20 za kila jioni humpa.

Siku ya kushtukizwa, damu imekuja bila taarifa na uko katikati ya zoezi, shuka sakafuni bila haraka, badilisha pedi, rudi kwenye kipepeo. Zoezi halijaharibika.

Usiyoweza kuyasubirisha mkekani

Kapimwe ikiwa umekaa miezi mitatu bila hedhi na ulikuwa ukiipata sawasawa, au miezi sita ikiwa siku zote ilikuwa ya kurukaruka. Nenda pia ikiwa mizunguko ni mifupi kuliko siku 21, damu inazidi siku 8, inatoka katikati ya mizunguko au baada ya tendo la ndoa, au msichana amefika miaka 15 hajavunja ungo. Pedi ikijaa kila saa kwa saa mbili mfululizo au zaidi, ukiwa na kizunguzungu au moyo kwenda mbio, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Hali kadhalika maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo la chini wakati kuna uwezekano wa mimba.

Kukaa muda mrefu bila hedhi hakupaswi kuzoeleka kama nafuu. Kwa mwenye PCOS, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa bila kuporomoka, na ukiachwa miaka unaweza kuzaa seli hatari. Daktari ana dawa za kuuporomosha kwa vipindi. Kwa aliyekosa hedhi kwa sababu ya kula kidogo au mazoezi mengi, homoni ya estrojeni iko chini na mifupa inapungua uimara, hata akiwa na umri wa miaka 20. Hali hizi mbili zinafanana kwenye kalenda, na vipimo ndivyo vinavyozitenganisha.

Utakapokwenda, beba daftari. Kila siku mstari mmoja unatosha: tarehe, damu ikoje kwa namba 0 hadi 3, maumivu 0 hadi 10, saa za usingizi, dakika za mkekani na mkao uliokukataa. Usiandike "sijui" kwenye siku kavu, andika 0, kwa sababu nafasi tupu haimwambii daktari kama hukuona damu au hukuandika. Miezi mitatu ya mistari hiyo humpa picha ambayo kumbukumbu haiwezi kuipa, na wewe mwenyewe huanza kuona mambo madogo, kwa mfano kwamba usingizi hupungua siku nne kabla ya damu, iwe siku ya 26 au ya 52. Ukishaiona dalili kama hiyo mara tatu, jioni ya kwanza inapojirudia toa mikao ya kusimama, andaa chupa ya maji ya moto, na uweke pedi kwenye mkoba.